Sukari na Fadhila ya Kiasi

Kati ya fadhila nne tulizojifunza katika katekisimu tangu utoto wetu, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, hiyo ya mwisho ndiyo inayohubiriwa kwa uchache. Tena ikitajwa, mara moja fikira zetu zakimbilia chupa ya pombe. Mlevi twamwona njiani akiyumba, nasi twamcheka au twamhurumia, kisha twaenda zetu tukijiona tu salama. Lakini kuna kukosa kiasi kwa namna nyingine, ambako hakupigi kelele wala hakumwangushi mtu mtaroni. Huketi mezani pamoja na watoto, asubuhi, baada ya sala, ndani ya kikombe cha chai. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kusema juu ya sukari.

Huenda mmoja wenu akauliza: je, mapadre wameacha Injili na kugeuka waganga? La, hatukuiacha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 yaweka utunzaji wa afya chini ya Amri ya Tano, ile ile inayokataza kuua, na yasema wazi kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kupita kipimo katika chakula, vileo, tumbako na hata dawa. Naye Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kuwa miili yao si mali yao wenyewe, bali ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mlinzi wa hekalu hangoji paa lianguke ndipo atafute fundi. Kwa hiyo mambo ya mezani ni mambo ya dhamiri pia, ingawa si kila kosa la mezani ni dhambi kubwa.

Kwanza tuseme neno la haki juu ya sukari yenyewe. Kila alichoumba Mungu ni chema, na utamu ni kipaji chake. Hapa kwetu mkoani Kagera miwa yalimwa na sukari yatengenezwa huko Missenyi. Jamaa nyingi wapata riziki yao katika kazi hiyo, nasi hatuwatakii hasara. Lakini yafaa tukumbuke kuwa kwa karne nyingi sukari ilihesabiwa karibu na dawa kuliko chakula. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino alijadili kama vile vitu vitamu vya kusaidia tumbo, ambavyo waganga wa siku zile waliwapa watu, vyavunja mfungo. Akajibu kwamba havivunji, maana huliwa kwa ajili ya kusaga chakula. Ila mtu akivila kwa wingi na kwa hila, kana kwamba ni chakula, hapo ni jambo jingine. Tazameni jinsi mwalimu huyu mkuu alivyolipima jambo: kitu ni kile kile, ila kadiri yake na nia ya mlaji ndivyo vinavyotofautiana.

Tena mfalme Sulemani, katika kitabu cha Mithali, amwonya mtu aliyeokota asali ale ile inayomtosha, asije akashiba kupita kiasi na kuitapika. Asali haikuhukumiwa, wala aliyeiokota hakukatazwa kuionja. Aliambiwa tu ajue kutosha kwake. Neno hilo dogo, kutosha, ndilo tunalotaka kulirudisha katika nyumba zetu.

Wazee wa Bukoba na Muleba watatushuhudia hili. Zamani mgeni alipobisha mlangoni pa Mhaya, alikaribishwa kwa buni za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa. Alizitafuna polepole huku akiulizwa habari za safari na za watu wa kwao. Buni hizo hazina sukari hata chembe, na bado hakuna aliyethubutu kusema kwamba wenyeji wale walikuwa wachoyo. Desturi hiyo haijafa. Buni za kutafuna zauzwa hata leo. Lakini katika nyumba nyingi heshima ya mgeni imehamia kwingine. Mgeni apewa chai yenye vijiko vitatu au vinne, au mtoto atumwa dukani mbio kuleta soda. Mwenye nyumba asiye na soda hujiona ameaibika, na mgeni aliyepewa maji safi hudhani amedharauliwa. Hivyo utamu, ambao zamani ulikuwa kitu cha nadra, umekuwa kipimo cha upendo. Hapo ndipo tulipopotea njia.

Sasa tutazame hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda yaliyokamuliwa, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mtu hupata katika chakula chake cha siku. Kwa mtu mzima wa kadiri, hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko vidogo 12. Likaongeza kwamba yafaa zaidi tukishuka hadi nusu yake, kama vijiko 6. Basi chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, yaani vijiko 9. Anayekunywa soda moja mchana na vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu amekwisha pata vijiko 15 kabla ya kuhesabu biskuti, pipi wala maandazi. Hakuna aliyemwona akifanya ulafi. Yeye mwenyewe hakujiona.

Je, kuna hatari gani? Mwaka 1989 Daktari Donald McLarty na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu wapatao 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania. Wenye ugonjwa wa kisukari hawakufika hata 1 katika kila 100. Lakini uchunguzi uliofanyika nchini mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu 9 katika kila 100 wana sukari iliyozidi katika damu, na kama robo yao wana uzito uliozidi. Kweli vipimo na watu waliopimwa havikuwa sawasawa katika chunguzi hizo mbili, lakini hata kipofu angeuhisi mwinuko wa mlima huu. Ugonjwa tuliozoea kuuita wa matajiri na wa mjini umekwisha panda vilima vyetu na kuingia katika vibanja.

Tusidanganyane kwa kurahisisha. Kisukari hakiletwi na kijiko cha sukari peke yake. Katika namna iliyo ya kawaida kwa watu wazima, mwili huacha kuitii vema insulini, ile maji itokayo katika kongosho na kuifungulia sukari mlango wa kuingia mwilini kutoka katika damu. Urithi wa ukoo una sehemu yake, na umri pia. Hali kadhalika uzito wa tumbo na kukaa kitako siku nzima. Sukari nyingi, hasa ile ya kunywewa, huongeza uzito bila kushibisha, na huoza meno. Kuna tena namna nyingine, ambayo huwapata watoto na vijana zaidi: kongosho lao huacha kabisa kutoa insulini. Watoto hawa hawakuugua kwa sababu ya pipi, wala kwa kulogwa, wala kwa adhabu ya dhambi za wazazi. Mzazi asijihukumu bure, wala jirani asimnyoshee kidole.

Dalili zenyewe ni hizi: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara hata usiku, kukonda bila sababu, kuchoka, macho kuona ukungu, miguu kufa ganzi, na vidonda kukawia kupona. Lakini wengi hawana dalili yo yote kwa miaka, hata figo au macho yaanze kuharibika. Ndiyo maana twawaomba mpime. Hospitali zetu za Rubya na Kagondo wilayani Muleba hazikujengwa ili watu waletwe na machela tu. Zilijengwa hata kwa wale wanaokwenda kwa miguu yao wenyewe.

Tuje sasa kwenye jambo linalotuuma zaidi. Katika parokia zetu wako watu waliokwisha ambiwa na daktari kwamba wana kisukari. Nyumbani kwao wajitahidi. Lakini waendapo kwa jirani, au msibani, au katika mkutano wa Jumuiya, huletewa chai iliyokwisha koroga sukari jikoni. Wakikataa, huambiwa: ‘Unatuogopa? Kwani sisi twakupa sumu?’ Basi mgonjwa, kwa haya, hunywa. Kesho hunywa kwa mwingine. Anachagua kuumiza mwili wake kuliko kuumiza moyo wa mwenyeji. Wengine hawasemi hata kidogo kwamba ni wagonjwa, wakiogopa kusemwa vibaya, nao hufa kwa adabu.

Ndugu wapenzi, huo si ukarimu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo, uugue. Ukarimu wa Kikristo hutafuta mema ya mgeni, wala hautafuti sifa ya mwenye nyumba. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kuwa, ikiwa chakula chake chamkwaza ndugu, yeye yu tayari kutokula nyama milele. Sisi hatuombwi kuacha nyama milele. Twaombwa jambo dogo sana: chai ipikwe bila sukari, na bakuli la sukari liwekwe mezani pamoja na kijiko, kila mtu ajitilie apendavyo. Kwa desturi hiyo moja mgonjwa hatahitaji kutangaza ugonjwa wake mbele ya watu. Mama wa nyumba akifanya hivyo, ametenda tendo la huruma bila hata kujua amemtendea nani.

Na ndugu mgonjwa naye twamwambia: kusema ‘asante, mimi situmii sukari’ si matusi. Ni ukweli, na ukweli usemwao kwa upole haumvunjii mtu heshima.

Labda mwingine atatujibu kwamba Bwana wetu alikwenda arusini Kana, akageuza maji kuwa divai, tena divai njema na nyingi. Ni kweli, nasi hatupingi sikukuu. Ubatizo, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na Ndoa zastahili furaha, na furaha yastahili meza nzuri. Lakini Kana ilikuwa arusi. Haikuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Tumeanza kula kila siku kama watu walio arusini, na matokeo yake ni kwamba arusi yenyewe imekosa ladha. Mtoto anywaye soda kila siku hataona ajabu ya soda siku ya Kipaimara chake. Pia twawakumbusha wazazi kwamba Sakramenti haipimwi kwa idadi ya kreti. Tumewasikia wazazi wakisema kwamba wamechelewesha Komunyo ya mtoto kwa kuwa hawana fedha ya vinywaji. Soda imefungaje mlango wa altare?

Basi na tuhesabu tena, safari hii kwa mfuko. Jamaa ya watu sita, kila mmoja anywe chai mara mbili kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe: ni vijiko 36, gramu 144 hivi. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 52. Wakishuka hadi kijiko kimoja kila kikombe, watatumia kilo 17 na nusu tu. Wameokoa kilo 35. Na tukihesabu kilo moja kwa shilingi 3,000, ni shilingi 105,000. Mwanzoni mwa mwaka 2024, sukari ilipoadimika nchini baada ya mvua kubwa kuharibu kazi ya mashamba ya miwa, bei ilipita shilingi 4,000 mahali pengi. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini nyumba iliyozoea kijiko kimoja haikuumia kama iliyozoea vitatu. Mtu aliyezoea kidogo ana uhuru ambao mlafi hana.

Tena kupunguza si kazi ngumu kama idhaniwavyo. Ulimi ni mwanafunzi, hufundishika. Anayetumia vijiko vitatu aanze na viwili na nusu kwa juma moja au mawili, kisha viwili, hata afike kimoja au asihitaji kabisa. Mwanzoni chai itaonekana chungu. Baada ya miezi michache ile ya zamani itamchukiza. Kiu ya mchana izimwe kwa maji safi yaliyochemshwa. Watoto wapewe ndizi mbivu, embe, papai au nanasi zima, wala si maji yake yaliyokamuliwa na kutiwa sukari, maana tunda zima lina nyuzi zinazoichelewesha sukari na kushibisha tumbo.

Na ile fedha iliyookolewa ifanye nini? Inunue dagaa wa ziwani, mayai, karanga. Mungu ametupa ardhi njema. Kibanja cha Mhaya, chenye migomba, mibuni na maharage chini yake, ni ghala la afya kwa mwenye kulitumia vema. Ndizi zikipikwa pamoja na maharage, kando yake mchicha na samaki, na kipande cha parachichi, hapo pana meza ambayo daktari hawezi kuilaumu. Ila kiasi kihusike hata hapo, maana ndizi ni wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini. Yafaa nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ndizi au ugali, na robo maharage au samaki. Twajua kwamba mnyauko wa migomba ulioingia mkoani kwetu, na kuripotiwa mwaka 2006, uliziumiza jamaa nyingi zikaanza kununua chakula walichokuwa wakikilima. Kwa sababu hiyo twawasihi: ng'oeni migomba iliyougua, safisheni mapanga, pandeni machipukizi safi. Kuulinda mgomba ni kuilinda meza.

Msomeni nabii Danieli. Yeye na wenzake watatu walipokuwa uhamishoni Babeli waliwekewa chakula cha mfalme na divai yake. Wakaomba wapewe nafaka na mboga na maji, wajaribiwe kwa siku kumi. Siku hizo zilipokwisha, nyuso zao zilionekana nzuri na zenye afya kupita za vijana waliokula mezani pa mfalme. Vijana hawa hawakukosa chakula; walichagua. Chakula cha mfalme wa siku zetu chaletwa kwa gari hadi duka la kijijini, kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nasi pia twaweza kuchagua.

Tuseme neno juu ya mfungo, kwa maana mwaka hata mwaka wagonjwa huuliza. Sheria ya Kanisa juu ya kufunga yawahusu wenye umri wa miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, nayo haiwabani wagonjwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, akikaa bila kula aweza kushukiwa na sukari ghafula, akatetemeka, akatoka jasho, akazimia, hata akafa. Huyo asifunge kwa siri akidhani anampendeza Mungu kuliko wengine. Amwulize daktari wake, na atoe sadaka nyingine. Tena akishukiwa na sukari, apewe upesi sukari au soda. Saa hiyo ndiyo dawa yake, kama alivyosema Mtakatifu Thoma. Watu wazima wenye afya, kinyume chake, wangefanya vema kuitoa sukari kama sadaka ya Kwaresima, na fedha yake kuitia katika kapu la maskini.

Mwisho, msiache dawa. Insulini iligunduliwa huko Toronto mwaka 1921, na mapema mwaka 1922 alipewa kijana wa miaka 14 aliyekuwa ukingoni mwa kaburi, naye akapata kuishi miaka mingine. Kabla ya hapo mtoto wa namna yake alikuwa hana tumaini. Yoshua bin Sira afundisha kwamba tumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi yake. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe wakitumaini kupona. Hatuwahukumu, maana mgonjwa hutafuta. Lakini ye yote akikuambia utupe insulini kwa ajili ya kikombe, mzizi au maombi, usimsikilize. Sala haishindani na dawa; zote mbili zatoka mkono mmoja.

Basi ninyi akina baba, msione haya kuomba maji mbele ya wenzenu. Akina mama, ninyi mnaoshika kijiko, mmeshika afya ya nyumba nzima. Wasimamizi wa Ubatizo na Kipaimara, zawadi yenu isiwe kreti. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, anzeni juma hili: chai bila sukari, bakuli mezani, na maji safi kando yake. Hakuna atakayeandika habari hiyo katika vitabu vya historia, lakini pengine mmoja wenu atayahifadhi macho yake na kuwaona wajukuu wake.

Mungu, aliyewalisha wazazi wetu katika jangwa kila siku kwa kadiri ya kuwatosha, atufundishe nasi kuomba mkate wetu wa kila siku, na kuujua unapotosha.